Mabua Chini ya Ngamia

Ngamia alikutwa ndani ya shimo la almasi asubuhi ya Alhamisi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, na mtu wa kwanza kuonekana karibu naye alikuwa Doto mchimbaji, ameinama juu ya nundu na kisu mkononi.

Mwaisha alimwona kutoka juu. Alikuwa amefuata nyayo za mnyama wake tangu zizini, na pumzi zilikuwa zimemwishia.

“Doto! Unamfanya nini Tulia wangu?”

“Mama Swaleh, nimemkuta kafa. Haki ya Mungu, nimemkuta kafa tayari.”

“Na kisu?”

Doto akakitazama kana kwamba kuna mtu aliyempachikia mkononi. “Kisu natembea nacho. Na nyama nayo, ikilala juani…”

Hakumaliza. Mwaisha alikuwa ameketi kwenye kifusi, mikono kichwani, analia bila sauti.

Habari zikafika Itongolya upesi. Itongolya ni kitongoji kidogo nje ya Maganzo. Kati ya nyumba na mbuga yako mashimo ya watu waliokuja kutafuta almasi wakaondoka bila kuyafukia. Kwa miaka mitatu watu wa hapo walikuwa wamewacheka ngamia wa Akida na mkewe Mwaisha. Waliwaita twiga waliolaaniwa. Walifumba pua wakipita karibu na zizi. Asubuhi hiyo, wale wale waliofumba pua walikuja na mabeseni.

Ni bibi mmoja tu, Melania, aliyekuja na kipande cha shuka badala ya beseni. Alimwomba Doto amsogezee mkono, akashuka shimoni na magoti yake mabovu, akamfunika ngamia uso. Kisha akapanda juu akaketi na Mwaisha.

Mwenyekiti wa kitongoji, Ngusa, alifika na simu mbili mkononi, zote zimezimika. Ngusa alikuwa mtu asiyejua maoni yake mpaka amtazame Mzee Maige. Akamtazama. Mzee Maige alikuwa amesimama pembeni na koti lake zito, fimbo begani, katambuga za tairi miguuni, kama mtu aliyekuja kukagua shamba la mtumwa wake. Zamani alikuwa na ng'ombe zaidi ya mia tatu. Ukame wa miaka miwili ulikuwa umemwachia zizi kubwa na ng'ombe wasiojaza kona yake. Sauti yake, hata hivyo, ilikuwa bado ya mia tatu.

“Nilisema,” Ngusa alianza. “Nilisema mbele ya mkutano: ngamia akizurura usiku tena, wote wataondoka. Haya, amezurura. Mkutano ni leo saa tisa. Kesho sitaki kuona nundu hapa.”

“Hakuzurura,” Mwaisha alisema. “Nilimfunga goti kwa mikono yangu.”

“Basi kajifungua mwenyewe,” alisema Mzee Maige. “Mnyama msomi.”

Watu wakacheka. Walicheka juu ya maiti ya mnyama wa mwenzao, mabeseni viunoni, kisha wakamkamata Doto kwa wizi wa nyama ambayo wao wenyewe walikuwa wameifuata. Kwa sababu ya Doto, polisi wakapigiwa simu.

*

Sajini Generosa alishuka kwenye bodaboda saa tatu kasoro. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa mwendo, na hakupenda kuharakishwa. Kituo chake cha kazi kilikuwa Maganzo na nyumba yake iko Kalangalala, mjini Geita, ila utoto wake aliumalizia nyuma ya ng'ombe wa babu yake, na bado alitembea hivyo: taratibu, macho chini.

“Mwizi huyu hapa, afande,” alisema Ngusa. “Na mnyama mwenyewe alikuwa mgonjwa. Tazama madoa meusi kwapani. Hiyo ni tauni.”

Generosa akashuka shimoni, akagusa doa jeusi, akanusa kidole.

“Tauni hii inauzwa gereji, Mwenyekiti. Ni oili chafu.”

“Ni ya upele,” Mwaisha alieleza kutoka juu. “Ngamia akipata upele humwachi. Unamkwangua, unampaka, la sivyo unahamia kwa wote.”

“Alikuwa na ugonjwa mwingine?”

“Jana jioni alikula migunga mpaka akacheua. Alitoa maziwa vizuri.”

Shingo ya ngamia ilikuwa imevunjika. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umekunjika chini yake, na chini ya mguu, Generosa aliona kitu. Akavuta. Lilikuwa bua la mtama, kavu, refu. Akavuta la pili. Kifua chote cha yule mnyama kilikuwa kimelalia mabua.

“Doto, hili ni shimo lako?”

“Ndiyo, afande. Nachimba hapa tangu kiangazi.”

“Jana ulipoondoka lilikuwa na mabua?”

“Mabua? Afande, ningekuwa na mabua ningeyachimbia nini? Lilikuwa wazi. Hata ngazi yangu niliiacha inaonekana.”

“Onyesha miguu.”

Doto akanyanyua buti la mpira, limepasuka kisigino. Generosa akalilinganisha na alama za tairi alizoziona njiani karibu na shimo, akatikisa kichwa, akamwambia Ngusa amwachie.

“Lakini afande, ana kisu!”

“Na hawa wana mabeseni. Nianze na nani?”

Mabeseni yakarudi nyuma ya migongo.

*

Zizini, Mwaisha alimpa sajini kigoda na chai. Aliipoza chai kwa kuimimina kikombe hadi kikombe, asije akamuunguza mgeni. Generosa aliliona hilo. Akangoja mpaka Mwaisha naye akae.

“Mumeo yuko wapi?”

“Alikwenda Maganzo jana kufuata chumvi. Ngamia bila chumvi anakonda hata majani yakiwepo, siyo kama ng'ombe. Gari la chumvi lilichelewa, akalala kwa mwenye duka.”

Generosa akapiga simu dukani. Mwenye duka alisema Akida alilala juu ya magunia kwenye baraza lake, na mke wa mwenye duka ndiye aliyemfunika turubai asubuhi baridi ilipozidi. Jina la Akida likatoka kwenye hesabu ya washukiwa.

“Nionyeshe alipolala Tulia.”

Mwaisha akamwonyesha. Kamba ya goti ilikuwa chini, haikukatwa wala kukatika. Fundo lilikuwa limefunguliwa na mtu mwenye vidole na subira.

“Hukusikia kitu?”

“Nilisikia akilalamika. Lakini Tulia hulalamika mtu akipita, mbwa akipita, mvua ikikataa kunyesha. Nikageuka upande wa pili.” Akafuta uso kwa kanga. “Nilipoamka kuswali alfajiri, nikamkuta ndama wake nje ya lango, anatetemeka. Nikadhani ametoroka kwenye kizimba. Nikamrudisha. Ndipo nikaona mama yake hayupo.”

“Umemwambia nani habari ya ndama kuwa nje?”

“Nani aniulize? Wote wanauliza nyama.”

“Basi usimwambie mtu.”

Ndama alikuwa kona ya kizimba, miguu mirefu kama ya mtu aliyeazima suruali. Generosa akapitisha mkono shingoni mwake. Manyoya yalikuwa yamechubuka pande zote, na ngozi imekuwa nyekundu.

“Huwa mnamfunga shingo?”

“Shingo! Hapana. Ndama wa ngamia hufungwa mguu wa mbele. Ukimfunga shingo kama ndama wa ng'ombe atajinyonga, shingo yote hiyo.”

Wakati huo Akida akaingia na gunia la chumvi nyuma ya baiskeli. Walikuwa wameshamwambia njiani, tena kwa kicheko. Akaliweka gunia chini polepole. Alikuwa ameishi miaka mingi upande wa Longido akichunga ngamia wa watu, akalipwa kwa mitamba, akawaleta kwao kwa miguu, na kwa miaka mitatu kila mtu alimweleza kwamba ni mpumbavu. Alikuwa amezoea. Lakini hii hakuwa ameizoea.

“Wako watano waliobaki,” alimwambia sajini. “Wakisema tuondoke kesho, tutakwenda wapi? Kiangazi hiki visima vya kwingine havina maji, na wawili wana mimba. Nitawaua njiani.”

“Wakisema,” Generosa alijibu. “Bado hawajasema. Ukimtoa Tulia, unatembea naye vipi?”

“Natangulia. Nashika kamba, yeye anafuata. Ngamia hasukumwi.”

“Hujawahi kukaa nyuma yake?”

“Nyuma ya ngamia, afande? Unampa nafasi ya kukupiga teke.”

Generosa akanywa chai yake yote, akashukuru, akatoka kufuata nyayo.

Udongo kati ya zizi na mashimo ni wa kichanga, ule Wasukuma huuita luseni, na unatunza siri vibaya sana. Nyayo za ngamia zilikuwa pana na laini kama mikate. Kando yake zilikuwa nyayo za Mwaisha za asubuhi, za kukimbia. Na juu ya zile nyayo pana, zikiwa zimezikanyaga katikati, zilikuwa nyayo za katambuga, mstari mmoja wa tairi kutoka zizini hadi karibu na shimo. Mtu anayetangulia, mnyama humkanyagia nyayo zake. Hapa mtu ndiye aliyemkanyagia mnyama. Alikuwa nyuma, kama mtu anayepeleka ng'ombe lamboni.

“Hata wewe ungekaa nyuma,” Generosa alijiambia. Alikuwa amekaa nyuma utoto wote.

Akazunguka shimo mpaka ng'ambo. Huko hakuna aliyekuwa amefika, kwa maana upande huo haukuwa na nyama. Chini ya mgunga mdogo udongo ulikuwa umekanyagwa kwa vinyayo vidogo, duru juu ya duru. Gome la mti lilikuwa limesuguliwa kwa kamba, lakini kamba haikuwepo. Palikuwa na nyayo za ndala za mwanamke, na kando yake mviringo uliobonyea, na mchanga ulioganda pale maji yalipomwagika.

Mtu aliitua ndoo yake ya maji, akamfungua ndama. Generosa alisimama pale muda mrefu kuliko upelelezi ulivyohitaji. Kisha akaufuta ule mviringo na zile nyayo za ndala kwa mguu, mwenye ndoo asije akajulikana.

*

“Sikusikia kitu,” alisema Mzee Maige. “Nililala kama gogo. Mtu mwenye ng'ombe hulala, afande. Wanaokesha ni wenye vituko.”

Walikuwa uani kwake. Ng'ombe waliobaki walisimama zizini, mbavu zinahesabika. Chini ya paa la bati, nyuma ya uzio wa miba, palikuwa na lundo la mabua ya mtama.

“Una akiba nzuri,” alisema Generosa. “Nimetembea kitongoji kizima, sijaona bua lingine.”

“Wengine walichoma. Mimi naona mbali.”

“Uliwapa lini mara ya mwisho?”

“Jumamosi. Nawapa Jumamosi tu. Mabua sasa ni dhahabu.”

Upande mmoja wa lundo ulikuwa na pengo, na mabua ya ndani yalikuwa bado meupe, hayajapata vumbi. Generosa akalitazama pengo, akatazama mbavu za ng'ombe.

“Wewe unaonaje, Mzee? Yule ngamia alifikaje shimoni?”

“Ujinga. Unanihoji kwa ajili ya ujinga wa mnyama? Tangu dunia iumbwe, Msukuma na ng'ombe. Leo linaletwa dude lina midomo ya bibi kizee, linatema mate, halivuti jembe, halilipi mahari, nalo tuliite mifugo! Akida ni mchungaji? Akida ni mtu wa maonyesho.”

“Lakini ukame haukuwaua.”

Mzee Maige akamtazama kama mtu aliyetukanwa kanisani. “Hata magugu hayafi na ukame,” alisema.

Msichana alipita na ufagio, mtoto mgongoni. Alipomwona sajini alipiga magoti, akamwamkia kama mama yake. “Shikamoo, mayu.”

“Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?”

“Salome. Mke wa Amosi.”

“Mwanangu Amosi yuko migodini Geita,” Mzee Maige akadakia. “Huyu hana la kusema.”

Salome alikuwa amevaa ndala za bluu. Ndoo yake ilikuwa mlangoni, bado ina maji. Generosa akaaga. Akangoja njiani, penye kona ya minyaa, mpaka Salome alipotoka tena kwenda kisimani. Wakaongozana, sajini akaibeba ndoo yeye mwenyewe.

“Mtoto anaitwaje?”

“Dorah.”

“Ana afya. Ananyonya vizuri?”

Salome akatembea hatua kadhaa. “Ziwa langu lilikauka nilipougua. Ng'ombe nao hawana kitu. Mama Swaleh ndiye… Kila asubuhi ananipa kibuyu, ameshayachemsha. Tulia ana chuchu nne. Mbili wanamwachia ndama. Ile ya mbele, kushoto, Mama Swaleh anaiita chuchu ya Dorah. Hakuniuliza kitu hata siku moja, afande. Tena mimi ni mtu wa nyumba ile ile inayomcheka.”

“Na asubuhi ya leo ulipitia kwa Mama Swaleh?”

“Sikupita.”

“Asante kwa kumfungua yule ndama.”

Ndala za bluu zikasimama. Salome akaanza kulia, mdomo umefungwa kwa kiganja ili mtoto asiamke.

“Alikuwa anakabwa, mayu. Ulimi nje. Nikampeleka langoni nikakimbia. Sikumwona mama yake shimoni, kulikuwa na giza bado. Ningejua…”

“Kamba iko wapi?”

“Sijui kitu.”

“Unaijua kamba ile?”

“Usiniulize. Mimi ni mke wa watu. Nikifukuzwa kule, Dorah nitampeleka wapi?”

Generosa hakumuuliza tena. Akamtwisha ndoo. “Mkutano ni saa tisa,” alisema. “Njoo na mtoto. Jua likiwa kali, kaa karibu yangu, nina mwavuli.”

*

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la zamani la pamba, lililobaki kuta na sakafu bila paa. Waliokosa nyama walikuja kutafuta burudani. Ngusa akakohoa, akamtazama Mzee Maige, akapata maoni.

“Ndugu wananchi, ajenda ni moja. Ngamia ni hatari. Kura ni ya kunyoosha mikono.”

“Kabla ya mikono,” alisema Generosa, “nisaidieni. Mimi ni mgeni wa ngamia. Tulia alikaa hapa miaka mitatu. Alipita kando ya mashimo haya kila siku asianguke hata mara moja. Jana akaanguka. Kwa nini?”

“Alilewa!” mtu akapiga kelele nyuma. Kicheko.

“Alikuwa anatafuta maji,” alisema mwingine.

“Walinyweshwa juzi,” Akida alijibu. “Ngamia aliyekunywa juzi haendi kutafuta maji usiku.”

“Alikuwa anatafuta mume, basi!”

“Labda si mjinga,” alisema Generosa, kana kwamba anafikiri kwa sauti. “Nimesoma mahali kwamba ngamia ana akili kuliko ng'ombe.”

Hakuwa amesoma mahali popote. Mzee Maige akasimama.

“Afande, usitutukanie ng'ombe. Ng'ombe ana akili ya mtu. Ng'ombe akisikia ndama wake analia ng'ambo ya shimo, atanusa, atazunguka, atatafuta njia mpaka amfikie. Lile dude lilikata moja kwa moja kama kipofu! Hiyo ndiyo akili mnayoisifia?”

Watu wakaguna kumkubali. Generosa akangoja mpaka miguno ikaisha.

“Ndama yupi, Mzee?”

“Ndama wake.”

“Ndama wake alikuwa ng'ambo ya shimo?”

Mzee Maige akaihamishia fimbo bega la pili.

“Mwenyekiti,” alisema Generosa, “wewe unajua ndama alikuwa wapi usiku?”

“Mimi? Kizimbani, nadhani.”

“Doto?”

“Sikuona ndama mimi, afande. Niliona nyama tu.”

“Nani hapa amesikia kwamba ndama alikuwa ng'ambo ya shimo? Nyoosheni mikono, si mlikuja kunyoosha mikono?”

Hakuna aliyenyoosha.

“Nilisikia akilia,” alisema Mzee Maige. “Usiku. Nilimsikia.”

“Uliniambia ulilala kama gogo, hukusikia kitu.”

“Nilisahau.”

“Ulisahau. Basi nikukumbushe mengine. Mtu alimtoa ndama kizimbani akamfunga ng'ambo ya shimo. Alimfunga shingo, kama ndama wa ng'ombe, kwa sababu hajawahi kujishusha kuuliza ndama wa ngamia hufungwaje. Akafunika shimo kwa mabua. Akarudi, akamfungua Tulia goti, akamswaga kutoka nyuma na fimbo, kama ng'ombe, kwa sababu hilo nalo hakuuliza. Mama akasikia mwanawe analia gizani. Hakukata moja kwa moja kwa ujinga, Mzee. Mbele yake palikuwa na ardhi. Wewe ndiye uliyeitandaza.”

“Mabua yako kila mahali!”

“Yako kwako tu. Wewe ndiye unayeona mbali. Pengo liko kwenye lundo lako, na ng'ombe wako hawajala tangu Jumamosi. Umewanyima ng'ombe unaowasifu ukamtandikia ngamia unayemdharau.”

Hata hivyo Mzee Maige akacheka, akawageukia watu wake. “Mabua! Kesho atanifunga kwa sababu ya ufagio. Ushahidi uko wapi?”

Salome alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mwavuli. Alisimama, Dorah mgongoni. Akapiga magoti kwanza, kama mkwe anavyopaswa, kisha akatoa ndani ya kanga kamba ya ngozi iliyosokotwa, yenye kishada cha kitambaa chekundu mwishoni. Akaiweka sakafuni mbele ya sajini. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Kila mtu aliyewahi kufika kwenye zizi la Maige aliijua; mzee alikuwa akijivunia kwamba alirithi ufundi wake kwa babu yake.

“Nilimkuta ndama kafungwa nayo, baba,” alisema huku akitazama chini. “Alikuwa anakufa.”

“Mwanaharamu!” Mzee Maige alinguruma. “Nakulisha!”

“Hunilishi, baba. Tulia ndiye alikuwa anamlisha mjukuu wako.”

Hapo ndipo alipopasuka, na kilichotoka ndani yake kilikuwa kidogo mno kwa mtu mwenye sauti kubwa namna ile.

“Mnajua walichoniambia mnadani? Mbele ya watu wa Kahama, mbele ya vijana niliowauzia mafahali! ‘Maige, mjukuu wako ataota nundu lini?’ Mimi! Ng'ombe mia tatu! Wangu wanakufa nikiwatazama, na yale madude ya yule ombaomba yananenepa kwa miba! Halafu nyumba yangu inakwenda kuomba maziwa! Nilitaka yaondoke. Nilitaka tu yaondoke machoni pangu.”

“Ungeweza kumwambia asante,” alisema Bibi Melania kutoka nyuma. “Ni neno fupi.”

Ngusa alikohoa. Alitazama alipozoea kutazama, akakuta hapafai tena, akabaki anazungusha macho kama kuku aliyepotelewa na banda. “Nadhani,” alisema, “ile ajenda… tunaiahirisha.”

“Tunaifuta,” alisema Generosa.

*

Gari la polisi lilichelewa. Generosa akaenda kwa Akida kuichukua na kamba ya goti kwa ushahidi, Mzee Maige mbele yake na pingu mikononi. Akamketisha juu ya jiwe kando ya zizi. Baadhi ya watu walifuata, safari hii bila mabeseni, wakasimama mbali kidogo, wanatazama miguu yao.

Ndani, Akida alikuwa na kazi. Ndama wa Tulia hakuwa amenyonya tangu jana. Jike mmoja, jina lake Kiburi, alikuwa amepoteza ndama kwa kuhara wakati wa mvua za mwisho, na Akida alikuwa ameitunza ngozi ya ndama yule. Kila alipomkamua Kiburi alimnusisha ile ngozi kwanza, ndipo maziwa yashuke. Sasa akamfunga ndama wa Tulia ngozi ile mgongoni, kwa upole, kama anayemvisha mtoto sweta, akamsogeza.

Kiburi akatema mate. Akageuka. Akanusa ngozi, akainua kichwa, akanusa tena. Mwaisha alikuwa ameshika mkono wa Salome bila kujua. Ndama akapenyeza kichwa chini ya tumbo, akakosa, akatafuta. Kiburi akatoa mlio wa chini kooni, akasimama, miguu ya nyuma akaipanua kidogo.

“Amekubali,” Akida alisema.

Mwaisha akanyanyua mguu mmoja, akaweka kibuyu pajani, akakamua upande wa pili wakati ndama ananyonya. Hayakuwa mengi. Alipomaliza alipita karibu na lile jiwe. Mzee Maige alikuwa amekaa juani tangu saa tisa, midomo imepasuka.

“Maji,” alisema, hakumtazama.

Kisima kilikuwa mbali. Mwaisha akamimina maziwa kwenye kikombe, akakipuliza povu, akamnyooshea kwa mikono yote miwili.

Mzee Maige akakitazama kikombe. Akawatazama watu waliosimama mbali. Akageuza uso.

Generosa akakipokea kikombe kutoka mikononi mwa Mwaisha kabla hakijamwagika, akampelekea Salome.

“Kachemshe umpe mtoto,” alisema. “Mzee ameshiba.”